Laini ya Mama Mkwe

Siku ya kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba, Mwalimu Demetria alivaa kama mtu anayekwenda kumbatizisha mtoto. Kitenge kipya, kilemba, na vile viatu vinavyombana ambavyo havivai mpaka kuwe na askofu. Mumewe Adelard alimcheka tangu mlangoni.

"Mama Loveness, kule wanaangalia mshahara, hawaangalii kitenge."

"Mshahara wenyewe mdogo, acha kitenge kiusaidie," akajibu, na akafunga mlango wa nyumba ile ile waliyokuwa wanakwenda kuikopea.

Nyumba yenyewe iko Chamazi, upande ambao timu ikifunga goli kelele za uwanjani zinakuingilia mpaka jikoni. Si kasri. Vyumba vitatu, sebule, tenki la maji, na ukuta uliojengwa upande mmoja kisha hela ikaisha. Walikuwa wapangaji humo tangu binti yao Loveness anajifunza kutembea, na sasa Loveness yuko bweni, kidato cha tatu. Mwenye nyumba ni Mzee Twalib, mtu wa Kilwa, mjane, aliyejibakizia chumba kimoja cha uani na redio yake. Mwaka huo Mzee Twalib alisema basi, miguu imechoka, anarudi kwao Kilwa kwa dada yake, na nyumba anaiuza. Akamwita Demetria kabla hajamwambia dalali yeyote.

"Mwalimu, kiwanja kimepimwa, hati ninayo. Mie ningependa uichukue wewe. Wewe ndiye umeitunza, mie nilikuwa nakula kodi tu."

Demetria alimshika mzee wa watu mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Na usidhani ni machozi ya tamaa. Yule mwanamke ana historia na nyumba.

Kwao ni Muleba, kule Kagera. Alipokuwa msichana wa sekondari baba yake alifariki, na kaburi halijakauka baba zake wadogo wakakaa kikao. Wakamwambia mama yake kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti ya watu wanaokuchinja huku wanakuuliza kama kisu kinaumiza, kwamba kibanja, lile shamba la migomba, ni cha ukoo na jina lake halimo. Mama mtu alipalilia migomba ile miaka yake yote ya ndoa. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kuishi kwa kaka yake, na huko akafa ni mgeni, anaomba ruhusa hata ya kuhamisha kiti. Demetria aliyaona hayo yote kwa macho yake. Akaapa: siku moja nitalala kwenye nyumba ambayo jina langu limo. La mume liwemo, sawa, sina ugomvi, lakini na langu liwemo, kwenye hati, kwa wino.

Ndiyo maana pale uani kulikuwa na kichekesho ambacho majirani wote walikijua: mche wa mgomba ndani ya ndoo. Demetria aliutoa Muleba, ukabebwa kwenye basi umefungwa gunia, na kila ukikua ukizidi ndoo anaukata, anachukua chipukizi lake, anapanda upya kwenye ndoo ile ile. Mzee Twalib alikuwa haishi kumtania. "Nyie Wahaya mna mambo! Mgomba kwenye ndoo kama samaki wa mapambo? Panda chini hapo, nani kakukataza?" Naye humjibu, "Shikamoo mzee, lakini kwetu mtu hapandi mgomba kwenye ardhi ya mwenzie. Ukipanda mgomba umesema pale ni pako." Kwao ndivyo. Mahindi na maharage panda popote, lakini mgomba ni kama kusimamisha mlango. Basi mgomba ukangoja ndooni, na yeye akangoja naye, huku anakusanya. Alifundisha watoto wa watu twisheni jioni mpaka sauti ikakauka, akacheza na kikoba cha walimu wenzake, akauza maandazi wakati wa mapumziko, na ile sehemu ambayo benki inataka mkopaji aanze nayo ikatimia, yote kutoka mikononi mwake.

Adelard hakuchangia pale, na tusimwonee, hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu. Alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara wake unazidi wa mkewe, lakini mkono wake ulikuwa wazi kama dirisha la shule ya kata. Rafiki akilia shida, anampa. Akipita Sinza kwa dada yake wa mwisho, Adelina, anarudi mifuko miepesi. Kwa hiyo Demetria alipoambiwa kwamba mshahara mmoja hautoshi na lazima waombe wawili kwa pamoja, hofu yake ilikuwa moja tu: mumewe.

"Baba Loveness, niambie sasa hivi. Una deni popote? Mkopo wa televisheni ulimaliza? Wale wa pikipiki je?"

"Nilimaliza vyote."

"Apa."

"Naapa. We mwanamke, utaniapisha mpaka lini?"

Alimwapisha kama wiki nzima. Alimwapisha wakila, akamwapisha wakitoka misa. Yeye mwenyewe hakujiuliza hata mara moja, maana ajiulize nini? Hajawahi kukopa hata sukari kwa jirani.

*

Afisa mikopo alikuwa kijana anaitwa Anwar, mpole, shati limenyooka. Aliwapokea vizuri mwanzoni, na siku alipowaita tena aliwakaribisha viti, akafunga mlango, akaanza kukohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Wazazi wangu, nyumba ni nzuri, mthamini ameipitisha. Mishahara yenu miwili inatosha. Tatizo ni kwamba benki kabla ya kukopesha inaangalia kumbukumbu za kila mwombaji, kama alishawahi kukopa mahali asirudishe. Sasa hapa mmoja wenu ana kumbukumbu mbaya."

Weeh! Demetria hata hakumwacha amalize. Alimgeukia mumewe mwili mzima.

"Nilijua! Nilijua mie! Umeapa mbele ya Mungu, Adelard, umeapa na rozari mkononi! Ni wale wa pikipiki, au ni hao walevi wenzio wa Sinza? Miaka yote hii najinyima, mtu nakula dagaa, nafundisha mpaka koo linatoa damu, halafu wewe…"

"Mama," akasema Anwar. "Mama, samahani. Siyo baba. Ni wewe."

Unajua ile aibu ya kumsingizia mtu mbele ya mgeni? Ilimpanda Demetria kuanzia miguuni. Alitegemea Adelard acheke, au awake, au aseme umeona sasa. Mwanaume wa kawaida angesema neno. Adelard alikuwa anaangalia viatu vyake. Jambo hilo Demetria aliliona, ila wakati ule hakulitia maanani.

"Mie sijawahi kukopa popote, mwanangu. Angalia vizuri. Tanzania nzima Demetria si mmoja."

"Kitambulisho ni chako, mama. Ni mikopo ya kwenye simu. Ile midogo midogo ya programu za mtandaoni, umechukua huku, ukachukua kule, haikulipwa, na riba imezaa. Laini iliyotumika ni hii."

Akamsomea namba. Na Demetria aliijua. Aliijua kwa sababu aliichagua mwenyewe, namba nyepesi, tarakimu zinajirudia, ili mtu mzima aikumbuke. Ilikuwa laini ya mama mkwe.

Mnakumbuka ule mwaka wa alama za vidole. Serikali ilisema laini isiyosajiliwa kwa kitambulisho na kidole itazimwa, nchi nzima ikapanga foleni. Mama yake Adelard, Bibi Anastasia, alikuwa amekuja Dar kutibiwa macho. Kitambulisho hana: kule Muleba kila akiweka kidole mashine inakataa, kwa sababu jembe na miaka vilishafuta alama zote, vidole vilibaki laini kama kijiko. Bibi akawa anahuzunika kwamba atapigaje simu kwa wanawe. Adelard akamwambia mkewe, "Mpe mama kidole chako." Na Demetria alimpa, tena kwa furaha. Ilikuwa heshima. Nani siku hizo hakumpa mzazi kidole? Walikwenda kwa kijana wa mwamvuli anayesajili laini pale kituoni, akabonyeza, bibi akambariki kwa Kihaya mpaka abiria wakageuka.

Miaka miwili baadaye Bibi Anastasia akafa. Walimzika Muleba, na siku ya kuanua tanga wakagawana vitu vyake kama ilivyo ada. Vitenge huyu, jembe yule, rozari kwa dada wa kanisani. Ikafika simu. Adelina, wifi yake Demetria, akaanza kulia kwamba yeye ndiye kitindamimba na hajapata kitu cha kumkumbuka mama. Wazee wakawa wanasitasita. Ni Demetria mwenyewe aliyesema, kwa mdomo wake, "Jamani, simu mpeni Adelina." Wakampa. Na laini ikiwa ndani yake, imelala kama funza kwenye kidole. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ile laini, kwa serikali, si ya marehemu. Ni ya Demetria.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza pale benki.

Anwar akamweleza njia mbili. Ya kwanza, deni lilipwe, waliokopesha watoe taarifa, kumbukumbu zisafishwe, ndipo waombe upya wote wawili. Hiyo inachukua miezi, na hawezi kumdanganya mingapi. Ya pili, baba aombe peke yake. Kwa mshahara wake pekee mkopo utapungua, ila kama wataongeza kidogo kwenye ile hela ya kuanzia, inawezekana. Hati itatoka kwa jina la baba. Mama atatakiwa tu kusaini mbele ya wakili kwamba, kama mke, ameridhia nyumba ya familia iwekwe rehani. Bila saini hiyo benki haitoi hata senti.

"Basi tufanye hiyo ya pili," akasema Adelard.

Alisema upesi mno. Mtu aliyeambiwa muda huo huo kwamba mkewe ni mdaiwa sugu, hakuuliza ilikuwaje, hakuuliza nani. Demetria akamtazama.

*

Hakurudi nyumbani. Alimwambia Adelard anapitia shuleni, akapanda gari la Sinza.

Adelina alikuwa na saluni yake ndogo, ameipaka rangi ya waridi, katikati ya baa mbili. Alipomwona wifi yake mlangoni na kile kilemba alijua, maana alimtoa mteja na rola zake kichwani akakae nje.

"Wifi, karibu. Soda?"

"Sitaki soda. Laini ya mama iko wapi?"

Adelina hakukana. Hiyo sifa tumpe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kulia kilio chake kile kile cha siku ya kuanua tanga. Biashara ilikuwa mbaya, wifi. Kodi ya fremu ilidaiwa ya miezi sita, wifi. Nikaona ujumbe unaniambia laini yako inastahili mkopo, nikachukua kidogo, kisha nikachukua kwingine kulipia ule, hata sijui ilifikaje huko.

"Na hukuona kwamba jina linalotokea ni langu?"

"Niliona."

"Na ukakaa kimya."

"Sikukaa kimya, wifi! Nilimwambia kaka. Tangu mwaka juzi nilimwambia. Kaka akasema nisikwambie, utapandisha presha, yeye ataliweka sawa."

Mwaka juzi. Demetria alitafuta pa kushika, akashika ile mashine ya kukaushia nywele. Kumbe wiki ile nzima anamwapisha huyo mwanaume kuhusu pikipiki, mwenzake alikuwa anajua.

Na ya Musa hayo. Ya Firauni yalikuja nyuma, Adelina mwenyewe akiyasimulia. Wale wakopeshaji wa mtandaoni, ukishindwa kulipa, wanachukua namba zote zilizomo kwenye simu yako na kuzitumia ujumbe: mwambieni fulani alipe, ni mwizi huyu, mumjue. Na namba zilizokuwa kwenye simu ile zilikuwa za nani? Za Bibi Anastasia. Wajukuu, wakwe, akina mama wa jumuiya, katekista, mashangazi wote wa Muleba. Kila mmoja wao alipokea kwenye simu yake kwamba Demetria, mke wa Adelard, yule mwalimu wa Dar, ni tapeli asiyelipa madeni. Hela alikula Adelina, jina lililotangazwa likawa la Demetria.

Sasa akaelewa Desemba iliyopita. Walikwenda Muleba kwenye harusi ya mtoto wa shemeji, na kila shughuli ya ukoo kazi ya kushika kapu la michango ilikuwa yake, kwa sababu ni mwalimu na mahesabu yake hayana doa. Safari hiyo shangazi mmoja alimpokonya kapu kwa tabasamu: "Mama Loveness, we pumzika tu mwanangu, umetoka mbali." Wakampa binti asiyejua hata kuhesabu chenji. Demetria akadhani ni wivu wa watu wa kijijini. Kumbe walikuwa wanalinda hela zao. Alilia pale saluni, kilio cha uchungu hasa, na Adelina, ambaye alikuwa analia kwanza, akanyamaza akawa anamtazama kwa woga.

*

Jioni hiyo alimngoja Adelard sebuleni. Hakupika. Alipoingia alimuuliza swali moja.

"Ulijua?"

Adelard alivua viatu taratibu, akavipanga, mtu ambaye siku zote huvitupa.

"Nilijua."

"Na mashangazi walipokupigia kuuliza, maana lazima walikupigia, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni mambo yenu ya vikoba, mtamalizana."

"Yaani ulisema ni mie."

"Sikusema ni wewe. Sikusema siyo wewe." Akakaa. Akaanza kueleza, na alieleza kama mtu anayetegemea kuhurumiwa. Mwaka juzi Adelina alikuwa ameposwa. Watu wa heshima, wa Bukoba mjini, wanauliza uliza habari za binti kila kona. Wangesikia binti anadaiwa na kutangazwa mwizi, posa ingevunjika. "Ni mdogo wangu, Mama Loveness. Mama aliniachia yeye. Ningefanyaje?"

"Na hiyo posa iko wapi? Si ilivunjika hivyo hivyo?"

"Ilivunjika kwa sababu nyingine."

"Kwa hiyo likachafuka jina langu, bure."

Hapo ndipo Adelard alipotamka lile neno. Mie naamini hakulipima, lilimtoka tu, lakini maneno yanayotoka bila kupimwa ndiyo yaliyokuwa yamekaa siku zote.

"Lakini wewe umeshaolewa," alisema. "Jina lako una kazi nalo gani?"

Demetria aliinuka. Alikwenda kulala chumba cha Loveness, na kuanzia siku hiyo akawa analala huko.

Ungedhani mambo yaliishia pale. Hapana, maana nyumba bado ilikuwepo, na moyo wa mtu una ukaidi. Siku zile zilizofuata Demetria aliipiga na kuipiga hesabu ile. Alijiambia: nikisaini, angalau tutakuwa na pa kulala. Hela ya kuanzia ni yangu, hati ni yake, lakini mtoto ni wetu. Alimwendea Mzee Twalib, akamwamkia, akamuuliza kama anaweza kungoja miezi mpaka jina lisafishwe. Mzee aliinamisha kichwa. Dada yake Kilwa alikuwa mgonjwa, na kuna mfanyabiashara ameleta hela taslimu, anangoja jibu.

"Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi, Mwalimu. Zaidi ya hapo nitakuwa namdhulumu dada yangu. Nisamehe."

"Huna kosa, mzee wangu."

Basi akaamua atasaini. Aliamua kweli, kwa uchungu, kama mtu anayemeza mwarobaini. Kwamba mama yake alipalilia migomba isiyo yake, naye atalipia nyumba isiyo yake, na huenda wanawake wa kwao ndivyo walivyoandikiwa. Alimwambia Adelard, "Ijumaa tutakwenda kwa wakili." Adelard alifurahi mpaka akaimba bafuni.

Alhamisi alirudi kutoka shule, akapita uani kuanua nguo. Ndoo ilikuwa tupu, imepinduliwa juu chini. Pembeni ya tenki, udongo umechimbuliwa na kumwagiwa maji, mgomba umesimama ardhini. Adelard alikuwa anaosha jembe, fulana imelowa jasho, anacheka kama mtoto.

"Mama Loveness! Nimekufanyia sapraizi. Sasa tumefika kwetu."

Mzee Twalib alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Yeye mtu wa Kilwa, lakini alishaelezwa maana ya jambo lile mara nyingi mno. Alizima redio, akaingia ndani.

Demetria alisimama na nguo begani. Yule mche ulikuwa wake, aliubeba mapajani kutoka Muleba, ameukata na kuupanda upya miaka yote hii akingoja siku moja tu, aushike mwenyewe, auweke mwenyewe. Na mumewe, ambaye ni Mhaya kama yeye, anayejua fika mkono unaopanda mgomba unasema nini, hakungoja hata saini ikauke. Hakuona hata kama kuna cha kumngojea.

"Umepanda mgomba wangu kwenye kiwanja chako," alisema.

"Ah, chako, changu, si vile vile?"

"Haya."

*

Ijumaa alivaa kitenge kile kile. Kwa wakili walikuwepo Anwar, wakili mwenyewe, na Adelard aliyenyoa ndevu. Wakili alisoma maneno kwa sauti: mimi Demetria, mke halali wa Adelard, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu, nimeridhia. Akamsogezea karatasi na kalamu.

Demetria aliisukuma kalamu ikarudi.

"Siwezi kusaini."

"Mama Loveness!" Adelard alishtuka mpaka kiti kikalia. "Usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Benki imesema jina langu halifai kukopa. Wewe umesema sina kazi nalo. Kama halina kazi, mbona leo mnalihitaji?" Hakuishusha sauti. "Mmekopa kwa kidole changu, mmenitukanisha kwa jina langu, sasa mnataka na mkono wangu. Hapana. Jina lisilofaa kukopa halifai na kuridhia."

Anwar alianza kueleza kwamba kisheria hayo ni mambo mawili tofauti, wakili akamgusa bega, akanyamaza.

Nyumba ikaenda kwa yule mwenye hela taslimu. Mzee Twalib aliondoka na redio yake, akamwachia Demetria funguo za ziada ambazo hazifungui tena kitu chochote, na akalia waziwazi, mzee mzima. Mnunuzi aliwapa muda wa kuhama. Walihamia huko huko Chamazi, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na wanaishi humo mpaka leo kama wapangaji wawili waliokutanishwa na dalali: sukari imeisha, maji yamekuja, mtoto anataka ada. Mgomba aliuacha. Alisikia mnunuzi ameukata ili aegeshe gari.

Kule Muleba habari ilifika kabla ya wenyewe. Demetria amemnyima mumewe nyumba. Mwanamke ana deni, na roho mbaya juu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Deni alilipa yeye, kwenye ile hela ya nyumba, maana nani mwingine angelipa? Alipomaliza aliwapigia wale wakopeshaji, akawasihi: kama mlivyowatumia watu wote ujumbe kwamba ni mwizi, watumieni basi na huu, kwamba amelipa. Binti wa huduma kwa wateja alimjibu kwa adabu kwamba ujumbe wa kumaliza deni unatumwa kwa mwenye laini peke yake. Na kweli ulitumwa. Jioni hiyo Adelina alimpigia, sauti imechangamka.

"Wifi! Mungu akubariki. Wameniambia deni limeisha, na sasa hivi nastahili kukopa mara mbili ya mwanzo!"

Asubuhi yake Demetria alikwenda dukani, akaweka kidole kwenye mashine, akaifunga ile laini. Nakwambia, hicho ndicho kitu ambacho Adelard alimgombeza kuliko vyote. Nyumba alinyamaza, hili hakunyamaza. Ile ilikuwa namba ya mama yangu, alisema, uliifungaje bila kuniuliza? Ukoo mzima ukasema amemzika mama mkwe mara ya pili.

Miezi ikapita. Siku moja, shule zimefungwa, simu yake ikaita, alikuwa Anwar wa benki. Kijana alikuwa na furaha ya kweli, alikuwa amelifuatilia jambo lile mwenyewe bila kuombwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina habari njema. Nimeangalia leo, kumbukumbu zako zimesafishwa zote. Jina lako ni safi kabisa. Je, tuanze maombi upya?"

Demetria alikuwa anachambua mchele mlangoni. Aliweka ungo chini.

"Marahaba, baba. Ya nyumba ipi?"